SINDANO SABA KWA MTOTO MMOJA: SHAURI HILI NI LETU SOTE

Ndugu wanachama,

Mara nyingi katika karatasi hii yetu twasoma habari za mishahara, nyumba na saa za ziada, na ni haki yetu kusoma hayo. Leo naomba nafasi niseme juu ya jambo jingine, nalo ni sindano wanazochomwa watoto wetu wanapolazwa hospitali. Najua wako watakaouliza, "Huyu mtu wa genge amekuwa daktari lini?" Mimi si daktari. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane nikaishia hapo, na kazi yangu ni mataruma na kokoto. Lakini mtoto ni wangu, na mkono uliochomwa ni wake. Kwa hiyo nitaeleza kwanza niliyoyaona, kisha niliyojifunza baadaye kwa kuuliza, kisha yale ambayo naona yatupasa kuyafanya tukiwa chama.

YALIYONIPATA

Msimu wa mvua uliopita mwanangu wa miezi tisa alishikwa na kuhara na kutapika. Siku ya kwanza tulisema ni meno. Siku ya pili jioni niliporudi kutoka kazini nilikuta macho yake yameingia ndani, analia pasipo machozi, na ngozi ya tumbo ukiifinya yakawia kurudi. Tulifika hospitali saa nne za usiku. Hospitali yenyewe sitaitaja, maana nia yangu si kushitaki nyumba moja. Wenzangu wengi wamenieleza mambo hayo hayo kutoka mahali pengine.

Katika wodi ya watoto tulimkuta nesi mmoja na msaidizi mmoja. Nilihesabu watoto 31, na vitanda vingine vilikuwa na watoto wawili wawili. Yule dada alimpima mwanangu, kilo saba. Akasema, "Baba mtoto, huyu ameishiwa maji sana. Lazima tumpe maji kwa mshipa sasa hivi." Alisema kweli, na alianza bila kukawia. Akafunga mkono kwa mpira, akatafuta mshipa, akachoma. Hakupata. Akajaribu mkono wa pili, akarudi wa kwanza, akaenda mguuni. Pengine damu haikuja kabisa. Pengine ilikuja kidogo, halafu mshipa ukapasuka na mahali pale pakavimba.

Mara ya tano mtoto hakulia tena. Ndugu zangu, mtoto akilia kwa sindano baba huumia, lakini mtoto akichomwa akakosa nguvu ya kulia, hofu yake ni nyingine kabisa. Hapo ndipo nilipompigia kelele yule nesi. Nilimwambia maneno ambayo nisingependa kuyaandika katika karatasi ya chama. Mikono yake ikaanza kutetemeka, na sindano ya sita ikawa mbaya kuliko zote.

Ndipo alipomtuma msaidizi mbio kwenye wodi ya wazazi, akaja mama mmoja mtu mzima, nesi wa miaka mingi. Huyu hakuchoma kwanza. Aliagiza maji ya moto kiasi, akalowesha kitambaa, akaufunga mguu wa mtoto ili upate joto. Akamwambia mke wangu amkumbatie mtoto vizuri, asilazwe mezani peke yake. Mimi akaniambia, "Wewe shika hiyo taa ya simu hapa, na unyamaze." Nikanyamaza. Akapapasa kwa kidole mbele ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, hakuharakisha. Baadaye alinieleza kwamba mshipa mkubwa hupita hapo kwa karibu kila mtu, hata usipoonekana kwa macho. Akachoma mara moja, damu ikaja, akasukuma ule mpira mwembamba, akachomoa chuma, maji yakaanza kudondoka. Ilikuwa karibu saa sita za usiku. Mwanangu alipona, na leo anatembea akishika viti. Lakini saa nzima na zaidi ilipita, na mtoto aliyekauka hana saa nyingi za kupoteza.

KWA NINI MSHIPA WA MTOTO NI MGUMU

Baada ya mtoto kupona nilirudi kwa yule mama mzee kumshukuru, na nilipata nafasi ya kumwuliza. Pia niliongea na daktari wa watoto. Walinifungua macho.

Ile sindano, ambayo manesi wengi huiita branula, si sindano tupu. Ni mpira mwembamba uliovishwa juu ya sindano ya chuma. Chuma hufungua njia, kisha hutolewa, na mpira hubaki ndani ya mshipa. Sisi watu wa reli twajua vipimo vya upana: njia ya zamani ni milimita 1,000, na ile iliyofunguliwa mwaka 2017 kutoka Mombasa kwenda Nairobi ni milimita 1,435. Sindano nazo zina namba zao. Ya mtoto mchanga huwa namba 24, ya rangi ya manjano, na unene wake ni kama milimita 0.7. Ya mtoto mkubwa kidogo ni namba 22, ya buluu, kama milimita 0.9. Namba ikizidi, sindano yapungua unene. Basi fikirini, huo mpira wa milimita 0.7 unatafuta kuingia ndani ya mshipa wenyewe mdogo, uliofunikwa na mafuta ya kitoto, kwa mtu ambaye hakai kimya.

Tena mtoto aliyeishiwa maji mishipa yake imelala, kama mpira wa baiskeli usio na pumzi. Ukichoma upande huu, sindano yatokea upande wa pili. Baridi nayo huibana mishipa, na hofu huibana vile vile. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, na mtoto aliyelazwa mara nyingi kama wale wenye ugonjwa wa selimundu, hao mishipa yao imekwisha tumika na kuharibika. Kwa hiyo kukosa mshipa wa mtoto si lazima kuwe uzembe. Hata fundi hodari hukosa.

Lakini sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ugumu huo hujulikana mapema. Mwaka 2008 madaktari wa Marekani walitoa hesabu nyepesi ambayo hata mimi naweza kuifanya. Baada ya kufunga mkono, mshipa usipoonekana, andika 2. Usipopapasika kwa kidole, andika 2. Mtoto akiwa chini ya mwaka mmoja, andika 3. Akiwa wa mwaka mmoja au miwili, andika 1. Ikiwa alizaliwa kabla ya siku zake, andika 3. Jumla ikifika 4 au kuzidi, yaelekea zaidi ya nusu ya watoto wa namna hiyo sindano ya kwanza itashindwa.

Mwanangu alikuwa na 2, na 2, na 3. Jumla 7, kabla hajachomwa hata mara moja. Maana yake ni kwamba yule mama mzee angeweza kuitwa kwanza. Aliitwa mwisho, baada ya mishipa sita kuharibiwa.

NJIA NYINGINE ZIPO

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba mshipa si mlango mmoja tu. Mtoto akiwa hatarini kufa, na mshipa haupatikani upesi, madaktari hufundishwa kuingiza sindano nene ndani ya mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti. Ndani ya mfupa kuna uboho, na maji au dawa ikiingia hapo yafika katika damu upesi kama kwa mshipa. Mfupa haulali kama mshipa hata mtoto akikauka. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha hospitali za watoto cha mwaka 2013 chaeleza njia hii, na chasema kwamba sindano maalum ikikosekana, hata sindano nene ya kawaida yaweza kutumika kwa mtoto mdogo. Mwongozo wa watoto wa Wizara yetu ya Afya hapa Kenya nao unayo. Kwa hiyo si jambo la matajiri. Mzazi akiliona mara ya kwanza hutishika, lakini heri atishike baba mtoto akapona.

Tena iko njia ya pua. Kitabu hicho hicho chasema mtoto aliyekauka sana apewe mililita 100 za maji ya mshipa kwa kila kilo. Kwa mwanangu wa kilo saba, hizo ni mililita 700: 210 katika saa ya kwanza, na 490 katika saa tano zinazofuata. Lakini pale ambapo mshipa haupatikani, na mtu anajua kuweka mpira wa pua mpaka tumboni, mtoto hupewa maji ya chumvi na sukari mililita 20 kwa kila kilo kila saa, kwa saa sita. Kwa wangu ni mililita 140 kwa saa. Yule dada angekuwa na msaidizi wa pili, mmoja angeendelea kutafuta mshipa na mwingine angeanza kumpa maji kwa pua. Alikuwa peke yake, na mtu mmoja ana mikono miwili.

Hayo maji ya chumvi na sukari tusiyadharau. Mwaka 1971 wakimbizi wengi kutoka nchi ambayo sasa ni Bangladesh walikimbilia India, kipindupindu kikawashika, na maji ya mshipa yakaisha kambini. Daktari Dilip Mahalanabis, huko Bangaon, alichanganya chumvi na sukari katika maji akawapa jamaa wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Waliokufa walikuwa chini ya 4 katika kila 100, wakati kabla ya hapo walikuwa wakifa wengi mno. Mtu akiwahi, mara nyingi kikombe na kijiko hufanya kazi ya sindano.

Na lazima niseme ukweli juu yetu wazazi. Sisi tukifika hospitali twapenda kuona maji yananing'inia juu ya kitanda, ndipo twaamini mtoto anatibiwa. Hilo si sawa. Katika utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, uliotangazwa mwaka 2011, watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri waligawanywa. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa kama 10 au 11 katika 100; wasiomiminiwa walikufa kama 7 katika 100. Hao si watoto wa kuhara kama wangu, ni ugonjwa mwingine. Lakini funzo ni moja: mtoto achomwe kwa sababu anahitaji, si kwa sababu baba anapiga kelele.

NESI SI ADUI YETU

Baadhi ya wenzangu niliowasimulia habari hii walisema, "Ungemshitaki yule nesi." Nami nauliza, nimshitaki kwa kosa gani? Kwa kuwa mmoja usiku kwa watoto 31?

Katika genge letu reli haibebwi na mtu mmoja. Nyapara akimwagiza mtu mmoja abebe reli, na reli ikamponda mguu, hatutasema yule mtu ni mvivu. Tutasema nyapara amekosa, na tutapeleka shauri kwa chama. Tena, tukifungua njia kwa matengenezo, kuna amri: mtu asimame na bendera nyekundu kabla hata nati moja haijalegezwa. Haikuachwa kwa akili ya kila mtu peke yake. Amri ile haikutungwa ili kumdharau fundi. Ilitungwa kwa sababu fundi hodari naye huchoka, na gari la moshi halingoji.

Nesi naye ni mfanya kazi kama mimi na wewe. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali waligoma tangu Juni mpaka Novemba, na katika madai yao walikuwa wakidai mapatano yao yatimizwe. Wengi wetu tuliwalaumu wakati ule, nami nilikuwa mmoja wa waliolaumu. Usiku ule wodini ndipo nilipoelewa. Nikarudi kwa yule dada asubuhi nikamwomba radhi. Aliniambia, "Baba mtoto, hata mimi nililia nilipomaliza zamu." Sina la kuongeza juu ya hilo.

WANAOPINGA

Wako wanaosema chama ni cha mishahara, mambo ya hospitali waachiwe madaktari. Nawajibu hivi: mshahara ni wa nini kama si wa watoto? Mtu akipandishwa shilingi elfu mbili na mtoto akafa kwa kukosa mtu wa kuweka sindano, amepata nini? Tena pesa za bima ya afya zakatwa katika mishahara yetu kila mwezi. Anayelipa ana haki ya kuuliza.

Wako wengine wanaosema kwamba kuweka mpaka wa kujaribu kutachelewesha matibabu, maana nesi atasimama kumngoja mwenzake huku mtoto anazidiwa. Neno hili lina uzito, na silidharau. Usiku ambao hakuna mwingine wa kuitwa, amri ya "jaribu mara mbili kisha ita mwenzako" ni karatasi tu. Kwa sababu hiyo nasema amri na watu viende pamoja. Na amri yenyewe ni lazima iseme njia ya tatu, yaani mfupa au pua, ili nesi asibaki akichoma na kuchoma kwa kuwa hajaruhusiwa jambo jingine. Mara sita bila amri zilichukua saa na zaidi. Mara mbili na amri zisingechukua hata dakika kumi.

MAMBO NINAYOYAPENDEKEZA

Naomba tawi letu lizungumze mambo haya katika mkutano mkuu ujao, na likikubali, liandike barua kwa wakuu wa afya wa kaunti. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo si lazima kwenda mbali.

1. Kila mtoto atazamwe kabla ya kuchomwa. Akionekana ni mgumu, aitwe kwanza yule mwenye mkono wa uzoefu.

2. Mtu mmoja asichome zaidi ya mara mbili. Kisha amwite mwingine, na idadi iandikwe katika karatasi ya mtoto.

3. Mtoto akiwa hatarini, mshipa usitafutwe kwa muda mrefu. Kila wodi ya watoto iwe na sindano ya mfupa na mpira wa pua, na katika kila zamu awepo mtu aliyefundishwa.

4. Mahali pasipo haraka, mtoto apunguziwe maumivu. Iko dawa ya kupaka inayotia ganzi ngozi, ikingojewa kama saa moja. Mtoto mchanga aweza kunyonya au kupewa sukari kidogo mdomoni wakati wa kuchomwa. Mama au baba aruhusiwe kumshika, asifukuzwe nje.

5. Wauguzi waongezwe, hasa zamu ya usiku. Katika jambo hili chama chetu kikae meza moja na chama cha wauguzi, tudai pamoja.

6. Kwa mwajiri wetu, tuombe mapatano ya siku za kukaa na mtoto aliyelazwa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatupa likizo ya ugonjwa wetu wenyewe, na wiki mbili za baba mtoto anapozaliwa. Mtoto akilazwa, haituwekei siku zozote. Pengo hilo ni kazi ya chama kulijaza.

NA SISI WENYEWE

Tusidai kwa wengine tukasahau yetu. Mtoto akianza kuhara, tusiseme ni meno kama nilivyosema mimi. Pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji ziwe nyumbani kabla ya ugonjwa, na aanze kunyweshwa siku ile ile, kidogo kidogo kwa kijiko, huku akinyonya kama kawaida. Kliniki hutoa na vidonge vya zinki, vya siku 10 mpaka 14, tuvimalize. Macho yakiingia ndani au mtoto akilegea, twende hospitali saa ile ile, tusingoje mshahara wala asubuhi.

Tukiwa wodini tuutazame mkono wenye sindano. Ukivimba, ukiwa mwekundu au mtoto akilia ukiguswa, mwambie nesi upesi, maana yawezekana maji yametoka nje ya mshipa. Na ukiona sindano imewekwa kichwani usikimbie wala usimkataze nesi. Mama wengi hudhani sindano ya kichwa ni dalili ya kufa. Sivyo. Mishipa ya kichwa cha mtoto mchanga iko karibu na ngozi, nayo haiingii kwenye ubongo.

Ndugu zangu, mwanangu alipata bahati. Yule mama mzee alikuwa zamu usiku ule. Kama angekuwa likizo, sijui leo ningekuwa naandika barua ya namna gani. Haifai uhai wa mtoto wa mfanya kazi utegemee kwamba mama fulani yuko zamu au hayuko. Gari la moshi halitegemei bahati, lategemea amri na watu wa kutosha. Watoto wetu nao wategemee hivyo hivyo.

Naomba kila mwanachama aliyepatwa na jambo kama hili aje mkutanoni aseme. Mtu mmoja akisema, ataambiwa ana uchungu wa mwanawe. Tukisema wengi, itakuwa shauri la chama. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wenu katika kazi,

MTU WA GENGE